ANAYETUTIBU SUKARI NA AFUNDISHWE CHAKULA CHETU



Sisi wa genge la Kaptagat twaandika habari hii kwa sababu nusura tumzike mwenzetu. Hakugongwa na gari, wala hakuwa amelewa, wala ugonjwa wake peke yake haukutosha kumwua. Kilichotaka kumwua ni karatasi. Tafadhali someni mpaka mwisho, kisha mzungumze katika matawi yenu.

Mwenzetu huyo hatumtaji jina. Ni mtu wa miaka arobaini na kitu, amebeba mataruma tangu ujana wake. Mwaka huo aliona kiu isiyokwisha, akaamka usiku mara nne kwenda haja ndogo, na macho yake yakawa na ukungu hata siku ambayo Kaptagat haina ukungu, nazo siku hizo si nyingi. Akaenda kwenye zahanati moja, ambayo nayo hatuitaji. Akapimwa damu asubuhi kabla hajala, ikaonekana sukari ni 13. Mtu akionekana na 7 au zaidi kabla ya kula, na kipimo kikirudiwa kikasema vilevile, basi huhesabiwa kuwa ana kisukari. Akapewa vidonge vya aina mbili na karatasi moja. Foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo sista alisema naye kwa haraka: "Mzee, acha ugali, acha viazi, acha maziwa, acha matunda, acha sukari. Mengine yako kwenye karatasi."

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Tuliisoma sote pamoja jioni, tukisaidiana maneno. Asubuhi ale uji wa oti. Mchana ale samaki aitwaye salmoni na mboga iitwayo brokoli. Usiku ale mkate mweusi wenye mafuta ya zeituni. Ndugu, duka letu lina unga, mchele, maharagwe, sukari, chumvi, mafuta ya kupikia na sabuni. Sokoni tuna viazi, kabeji, sukuma wiki, managu na saga. Salmoni hatujapata kumwona, wala hatujui kama ana miguu.

Mwenzetu ni mtu mtiifu. Kilichokatazwa akakiacha chote, na kilichoandikwa hakukipata, basi akabaki na sukuma wiki na chai ya rangi. Vidonge akameza kama alivyoagizwa, asubuhi na jioni. Siku ya nne tulikuwa njiani tukikaza misumari, baridi kali, sisi sote tumevaa makoti. Yeye alikuwa akitoka jasho. Kisha mikono ikaanza kutetemeka, akaweka nyundo katikati ya reli akaiacha pale, akaanza kusema maneno yasiyofuatana. Nyapara akamwambia, "Wewe mzee, umelewa saa hizi?" Akajibu jambo lisiloeleweka, akakaa chini juu ya taruma kama mtu aliyefika nyumbani kwake. Na gari la mizigo lilikuwa linatazamiwa.

Tulimbeba tukamtoa njiani. Mmoja wetu ana mama mwenye ugonjwa huu, naye ndiye aliyejua. Alimpa chai ya chupa yake iliyojaa sukari, akamnywesha pole pole akiwa bado aweza kumeza. Baada ya robo saa mtu wetu akafumbua macho sawasawa akauliza nyundo yake iko wapi. Gari likapita. Jioni ile ile barua ya ulevi ilikuwa imekwisha andikwa, na tulitoka jasho sisi nasi kuifanya ifutwe.

Sasa tueleze jambo hili lilivyo, maana wengi wetu hatukulijua. Chakula cha wanga, yaani ugali, wali, viazi, chapati, hugeuka sukari ndani ya damu. Mwili wenye afya hutoa insulini, nayo ndiyo inayofungua njia ili sukari iingie katika viungo ikafanye kazi. Kwa mwenye kisukari cha ukubwani insulini haitoshi au haisikilizwi, na sukari hulundikana kama mabehewa yaliyokosa njia ya kupita. Moja ya vidonge alivyopewa mwenzetu kilikuwa glibenklamidi, ambacho huusukuma mwili utoe insulini hata kama tumbo ni tupu. Mtu akikimeza na asile, sukari yashuka kupita kiasi. Ikishuka chini ya 4 huanza jasho, kutetemeka, njaa, kupotewa na akili, na mwisho ni kuzimia. Dawa ya saa hiyo ni sukari yenyewe: gramu 15, yaani vijiko vitatu au vinne vya chai katika maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda, kisha kungoja dakika 15 na kupima tena. Akipata nafuu ale chakula. Akiwa amezimia asitiwe kitu kinywani, apelekwe hospitali mbio.

Sukari aliyokatazwa mwenzetu asubuhi ndiyo iliyomwokoa mchana. Jambo kama hili haliwezi kuelezwa kwa neno "acha". Lataka mtu aliyefundishwa, naye apewe muda wa kufundisha.

Wako watakaosema sista yule ni mbaya. Sisi hatusemi hivyo. Tulikwenda kwake wawili, kwa heshima, tukamweleza yaliyotokea. Alishika kichwa. Akatuambia katika masomo yake yote chakula cha mgonjwa wa sukari kilipewa mchana mmoja, na picha za kitabuni zilikuwa za vyakula ambavyo yeye mwenyewe hajapata kuvila. Karatasi aliikuta pale mezani. Alifundishwa jina la kidonge na kipimo chake, lakini hakufundishwa kumwuliza mtu: Wafanya kazi gani? Wala saa ngapi? Nani apika kwako? Mwala sahani moja au kila mtu yake? Mtu huwezi kumdai asichopewa. Sisi wenyewe twajua: ukimpa kijana bendera nyekundu na ya kijani bila kumfundisha kanuni, siku gari likianguka ni nani mwenye kosa, kijana au aliyemweka pale?

Tena si jambo la zahanati moja. Serikali yetu ilikwisha toa mwongozo wa kutibu kisukari mwaka 2010, na ukatolewa tena upya mwaka 2018, na ndani yake mafundisho ya chakula yamo. Sheria ya wataalamu wa lishe ilipitishwa mwaka 2007, ikaweka taasisi ya kuwaandikisha na kusimamia mafunzo yao. Basi maneno yapo katika vitabu. Lakini mtaalamu wa lishe mara nyingi yuko hospitali kubwa, na mtu wa genge yuko Kaptagat. Yule anayekutana na mtu wa genge ni sista, au afisa wa kliniki, au yule mama wa kijiji anayehudumia afya. Mwaka 2023 Serikali iliwatuma wahudumu wa afya wa vijijini wapatao 100,000, kila mmoja na mkoba, na ndani ya mkoba mashine ya kupima sukari. Ni jambo jema sana, maana uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 88 katika kila 100 hawakuwa wamepata kupimwa sukari maishani mwao. Lakini mashine itamwambia mama yule nambari tu. Akiisha kuisoma nambari, atamwambia jirani yake ale nini? Kama hajafundishwa, atasema "acha ugali", na karatasi ile itakuwa imepata mikoba laki moja ya kutembelea.

Hapa kwetu Uasin Gishu hatukosi mfano wa kufuata. Mpango wa AMPATH ulianza Eldoret mwaka 2001, wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Moi na wenzao wa Marekani, kwa ajili ya Ukimwi. Waliona upesi kwamba mgonjwa mwenye njaa hapati nguvu hata akipewa dawa, basi wakalima mashamba na kuwagawia wagonjwa chakula pamoja na vidonge. Baadaye mpango huo ukaingia katika maradhi mengine, na kisukari kimo. Kwa hiyo Eldoret ilikwisha kujua kwamba dawa na sahani ni ndugu.

Na mafunzo yenyewe yachukua muda gani? Hapa ndipo tunapoomba kila mwanachama asikilize. Huko Uingereza, katika Uskoti na upande wa Tyneside, madaktari walifanya jaribio wakatoa matokeo yake mwezi wa Desemba 2017. Walichukua watu wanene kiasi ambao kisukari chao hakijazidi miaka sita na ambao hawatumii insulini. Nusu yao walitibiwa kama kawaida. Nusu ya pili waliachishwa dawa za sukari, wakapewa chakula cha kupimwa kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishiwa chakula cha kawaida pole pole wakiangaliwa. Baada ya mwaka, 46 katika kila 100 wa kundi hili walikuwa na sukari iliyo chini ya kipimo cha kisukari bila dawa. Katika kundi la kwanza walikuwa 4 katika 100. Na walioisimamia kazi hiyo hawakuwa maprofesa. Walikuwa masista na wataalamu wa lishe wa zahanati za kawaida, na walipewa mafunzo ya muda wa masaa manane.

Masaa manane, ndugu! Ni kazi ya siku moja. Sisi watu wa chama twayajua masaa manane kuliko mtu yeyote.

Tusidanganyane hapa. Masista wale waliongozwa na wataalamu, na walikuwa na mpango uliokwisha tengenezwa. Mtu asije akasoma haya akaanza kujinyima chakula mwenyewe au kutupa vidonge, maana yaliyompata mwenzetu tumekwisha yaeleza. Wala siku moja haimgeuzi sista kuwa mtaalamu wa lishe. Tunachosema ni hiki: umbali uliopo kati ya "acha ugali" na mafundisho ya kweli si safari ya kwenda Ulaya. Waweza kuvukwa kwa siku chache za kazi, mwalimu mmoja aliyeandikishwa, na sufuria.

Twasema sufuria kwa makusudi. Mafunzo yafanywe jikoni, na vyakula vyetu vikiwa mezani. Unga wa sima nao una historia yake. Baba zetu walipoajiriwa katika mashamba na katika reli, walipewa posho ya mahindi kuwa sehemu ya ujira, na wimbi na mtama vikarudi nyuma. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na mahindi yakapanda gari. Daktari Hugh Trowell alifika Kenya mwaka 1929, kisha akafundisha madaktari Uganda kwa miaka mingi. Mwanzoni aliona wagonjwa wa kisukari ni wachache mno kati ya Waafrika, na kadiri miaka ilivyokwenda akawaona wakiongezeka. Mwaka 1960 aliandika kitabu juu ya maradhi yasiyoambukiza katika Afrika, na mwaka 1975 yeye na mwenzake Denis Burkitt wakatoa kingine juu ya vyakula vilivyokobolewa na maradhi yanayofuatana navyo. Hatusemi unga mweupe peke yake ndio mchawi. Mwili mzito, kukaa kitako, na damu ya ukoo vimo pia. Lakini sista anayejua kwamba unga wa kusagwa na pumba zake hupandisha sukari pole pole kuliko ule mweupe, huyo ana neno la kumwambia mke wa mtu wa genge, neno ambalo duka letu laweza kulitimiza.

Hesabu ya chai nayo afundishwe. Kikombe chetu cha asubuhi kina vijiko vinne. Mtu akinywa vikombe vitano kwa siku, ni vijiko ishirini, karibu gramu 80 za sukari, kabla hajagusa chakula. Soda ya mililita 300 ina gramu zipatazo 30. Tukimwambia mtu apunguze hapo kwanza, amepata faida kubwa, na bado ana ugali wake.

Na kipimo je? Wenzetu hawana mizani nyumbani. Zimbabwe walipata njia nzuri: mkono wa mtu ndio mizani yake. Chakula cha wanga kiwe ukubwa wa ngumi, na tunda vilevile. Nyama, samaki au mayai kiasi cha kiganja bila vidole, unene wa kidole cha mwisho. Mboga kadiri mikono miwili itakavyoshika. Mafuta kiasi cha ncha ya kidole gumba. Mtu wa kazi nzito huenda akahitaji zaidi ya ngumi moja ya sima, na hapo ndipo atakiwapo mtu aliyefundishwa kumpimia. Lakini mkono haupotei, haudai betri, wala hauandikwi kwa Kiingereza.

Mtu mmoja katika mkutano wetu alisimama akauliza: "Mbona Kipchoge huishi kambini hapa hapa Kaptagat, ala ugali, na hana kisukari?" Tulicheka, lakini swali ni la haki. Ndugu huyo alikimbia maili 26 za marathoni katika muda wa saa 1 na dakika 59 na sekunde 40 huko Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, na kwa juma moja hukimbia kilomita 200 hivi. Ugali wake hauna nafasi ya kulundikana. Mwenye kukaa ofisini kukata tikiti, au dereva anayekaa kwenye kiti toka Nakuru kupanda Timboroa, juu ya futi 9,000, injini ndiyo inayopanda, si yeye. Kwa hiyo karatasi moja haiwezi kutosha watu wote. Mwenye nyundo, mwenye kalamu na mlinzi wa usiku kila mmoja ana saa zake na kipimo chake, na anayewatibu lazima aulize.

Wengine wamesema chama ni cha mshahara, mambo ya sahani yanatuhusu nini? Twajibu hivi. Tangu mwezi wa Oktoba 2024 kila mmoja wetu akatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa ajili ya bima ya afya. Fedha hizo ni jasho letu, na mwenye kulipa ana haki ya kuuliza anapewa nini. Tena mtu akipoteza mguu kwa kidonda cha sukari, au macho, au figo, mshahara wake umekwisha, na mkutano wa nyongeza hautamsaidia. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atunze usalama wa mtu akiwa kazini. Mtu anayeanguka kwa sukari katikati ya reli ni jambo la usalama, kama vile reli iliyopasuka.

Basi tawi letu lashauri chama kiyapeleke madai haya:

1. Kila zahanati inayotibu wafanyakazi na jamaa zao iwe na sista au afisa wa kliniki angalau mmoja aliyefundishwa chakula cha kisukari na mtaalamu wa lishe aliyeandikishwa, na mafunzo hayo yarudiwe, maana watu huhamishwa.

2. Karatasi zote za chakula ziandikwe kwa Kiswahili, zitaje vyakula vya sokoni kwetu, na mgonjwa asiyesoma aonyeshwe kwa mkono wake mwenyewe.

3. Mgonjwa aulizwe kazi yake na zamu zake kabla ya kuandikiwa dawa, na mke au mume wake aitwe asikie.

4. Mwenye kutumia dawa za kushusha sukari apewe nafasi ya kula kwa wakati, hata akiwa njiani mbali na stesheni.

5. Manyapara wafundishwe dalili za sukari iliyoshuka, na sanduku la huduma ya kwanza liwe na sukari au glukosi. Mtu asiandikiwe barua ya ulevi kabla hajapimwa.

Na sisi wenyewe tunayo deni. Tusifiche ugonjwa huu kama aibu. Mwenye kisukari awaambie wenzake wawili, na awe na sukari mfukoni. Kila mwaka tarehe 14 Novemba ni siku ya kisukari duniani. Siku hiyo tawi la Kaptagat litawaita wahudumu wa afya waje na mashine zao watupime, nasi tutawaalika jikoni waone sahani zetu. Huenda tukafundishana.

Mwenzetu yuko kazini. Alipelekwa hospitali kubwa, akabadilishiwa dawa, na huko mtaalamu mmoja akakaa naye nusu saa nzima, akamwambia ale ugali wake wa ngumi, na managu tele, na maharagwe, na mursik kikombe kimoja. Nusu saa tu. Alirudi akatuambia, "Kumbe sikukatazwa kula. Nilikosa mtu wa kunieleza."

Tumtafutie kila mwanachama mtu huyo wa kumweleza, kabla gari halijafika.

Umoja ni nguvu.

Sisi ndugu zenu,
Genge la njia, Kaptagat